Mkwe Wangu na Boga la Chuma

Mwaka ule sisi watu wa Rujewa tulikula ugali Krismasi. Anayeijua Rujewa ameshajua ni mwaka gani. Asiyeijua nimweleze: kwetu ni mpunga mpaka kizingitini. Mtoto akilia anapewa wali, mgonjwa anapikiwa uji wa mchele, kuku wanakula chenga na bado wanachagua. Lakini mwaka ule wanunuzi walikuja na malori mpunga ukiwa bado una umande, wakataja bei ambayo masikio yetu hayajawahi kuisikia, na sisi tukauza. Tukauza wa kuuza, tukauza wa kula, na jirani yangu aliuza mpaka wa mbegu akanunua televisheni. Ilipofika Krismasi wali wetu unaliwa na watu tusiowajua huko mbali, na sisi tunasonga sembe iliyotoka Iringa, tunaitazama kwenye sinia kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Jirani yangu alikula ugali wake mbele ya televisheni. Humo ndani mama mmoja alikuwa anafundisha kupika pilau.

Mimi sikuuza wote. Nilizuia magunia ya harusi, nikayalalia kama kuku anavyolalia mayai, maana baada ya sikukuu mjukuu wangu wa kwanza alikuwa anaolewa kwao Iringa, Kihesa. Mtoto huyo nimemlea mwenyewe, tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipokwenda sekondari kwa baba yake. Aliniambia kwenye simu, "Bibi, mimi sitoki ndani kwenda kanisani mpaka uje unifunike kitenge kwa mkono wako. Wakinilazimisha nakaa chini." Nikamwambia kaa chini, mimi nakuja. Sasa neno likabaki moja tu: nakuja na nini?

Baba yake, yaani mkwe wangu, ana gari.

Hapa lazima nieleze mambo ya kwetu, maana vijana wanasoma na hawajui. Mimi ni Msukuma. Nilikuja huku Usangu nikiwa binti mbichi, nyuma ya ng'ombe wa baba mkwe wangu, kwa miguu yangu hii. Ngumbaru nilisoma hapa hapa, na kusoma kwangu kuliishia pale mwalimu alipohama. Lakini adabu nilikuja nayo. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaliani. Hawali sinia moja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Nikimwona anakuja njiani napita kwenye majani. Akiniona yeye anavua kofia anageukia ukuta. Tunasalimiana kila mtu anaangalia kitu chake, mimi naangalia jembe, yeye anaangalia mlingoti wa umeme. Yeye ni Mhehe wa mjini, mtu wa ofisi, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya. Lakini alipokuja kuoa kwangu aliambiwa masharti, akayashika kuliko hata vijana wetu wenyewe. Hilo namsifu.

Watu wa leo wanaita ushamba. Sawa. Ila hao wanaokaa kochi moja na wakwe zao nimewaona pia wakitukanana kwenye kochi hilo hilo. Mimi na mkwe wangu hatujagombana hata siku moja. Tungegombana saa ngapi?

Na gari je? Kiti cha gari ni kiti. Anakalia yeye, anakalia mke wake ambaye nimemzaa mimi, halafu nije niweke makalio yangu hapo hapo? Basi ni sawa. Tajiri wa basi simjui, hajaoa kwangu.

Kwa hiyo mwaka mmoja kabla ya huo wa ugali, alipokuja kuchukua mchele akamtuma mwanangu aniulize kama nitapenda kwenda nao Iringa nikapumzike, nilijibu nikiwa nyuma ya nyumba, kwa sauti ya kufika mbele: "Gari la mkwe silipandi, hata likienda mbinguni."

Wakaondoka. Walipoanza kupanda kuelekea Makambako, gari likagoma. Injini inanguruma, gari halisogei. Wakavutwa na lori lililokuwa linarudi Mgololo kuchukua makaratasi, na wapita njia wote wakaona. Mimi niliposikia nilisema pole. Sikujua kwamba kichwani mwa mkwe wangu hayo mambo mawili yameshashikana mikono, neno langu na kugoma kwa gari lake.

Basi siku chache kabla ya harusi akaja. Mwanangu alibaki Iringa na maandalizi, mkwe akaja peke yake kupitia Mbeya. Gari, lililokuwa linatiwa viraka tangu mwaka jana, linakuja taratibu, linalia kama ng'ombe aliyebanwa kwenye zizi. Kiti cha nyuma kuna kitu kimefungwa mkanda kama abiria. Nikasema moyoni, huyu amembeba nani aliyelegea hivyo? Kumbe ni giaboksi. Giaboksi ya gari jingine, mtumba, aliyoinunua Mbeya kwa wauza vyuma chakavu. Na kwenye buti kuna boksi limefungwa kwa heshima zote, limetoka ng'ambo, limeagizwa kwa simu.

Hakuja kwangu. Alipitiliza hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambayo iko ubavuni mwa nyumba yangu. Hapo yupo fundi wa magari, Mnyakyusa, aliyejifunza kazi Mbeya mjini, na amejibanza kwenye banda la mashine kwa sababu mle darini kuna cheni ya kunyanyulia vitu vizito. Mafundi Iringa wapo tele, Mbeya ndiyo usiseme. Kwa nini aje kufungulia gari chini ya pua yangu? Nikajiuliza, sikupata jibu, nikachukua kigoda changu nikakae nione.

Kati ya kigoda changu na lile gari kulikuwa na lundo la pumba za mpunga, refu kuliko mtu. Nililipenda lile lundo. Lilikuwa ukuta wa ukwe, Mungu ametujengea. Ukiinama kidogo ubavuni mwake unaona gari na unamwona fundi, na mkwe unamwona viatu tu. Viatu vya mkwe sijawahi kukatazwa.

Mashine ilikuwa inanguruma siku nzima. Usidhani ilikoboa wa kwetu. Ilikoboa mpunga tuliouza sisi, wanunuzi waliuweka stoo hapo hapo, sasa wanaukoboa masikioni mwetu huku tunameza ugali.

Fundi akaja upande wangu kusalimia, mikono imepakaa oili hadi viwiko. "Shikamoo bibi. Mkwe wako anasema shikamoo na yeye, yuko nyuma ya pumba."

"Marahaba nyote wawili. Mwambie karibu. Mnafanya nini na gari la watu?"

"Tunabadilisha giaboksi, bibi, hii yake imeungua. Na tunaiwekea konveta mpya, ya magari ya mashindano."

"Konveta ndiyo mdudu gani?"

Akanieleza vizuri, simfichi sifa. Alisema gari la mkwe halina lile kanyagio la kukata gia, ni otomatiki, sasa injini na giaboksi hazishikani kwa mikono. Katikati kuna kitu cha duara kama boga, kimejaa oili. Injini inazungusha oili, oili inazungusha giaboksi. Havigusani, lakini kimoja kinamsukuma mwenzake.

Nikasema, "Basi hiyo ni mimi na mkwe wangu. Na wewe ndiyo oili."

Akacheka hadi akashika lundo la pumba. "Bibi, Wasukuma mmetufikia mpaka kwenye giaboksi!"

"Nenda kazini, mla ndizi wewe. Kamwambie nimesema asante kwa kuja."

Akaenda, nikasikia anamwambia mtu aliyekuwa umbali wa kutupa jiwe la mtoto: "Mama anasema asante kwa kuja." Na mkwe akajibu kwa adabu, "Mwambie mama, asante kushukuru." Fundi akarudi tena na hiyo. Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku nzima, na fundi hakulalamika, alisema kwao Tukuyu nako zipo heshima za ukwe, tena kali zaidi, ila kule ni wake ndio wanaowakwepa baba wakwe.

Giaboksi ya zamani ikashuka kwa cheni. Harufu yake! Kama maharage yaliyosahaulika jikoni mpishi akienda msibani. Ikaletwa ile ya mtumba. Aliyemuuzia mkwe alimwambia imetembea kidogo tu. Fundi akainusa, akapitisha kidole, akasema kwa sauti, "Hii imetembea mpaka imechoka kuhesabu."

Mkwe akasema, "Lakini konveta itaisaidia. Nimeona kwenye video, gari zito kuliko hili linapanda mlima kama mbuzi."

"Mkuu, hiyo ya kwenye video giaboksi yake ni changa. Hii ni mzee. Konveta ya mashindano inaacha injini izunguke sana kwanza ndiyo ishike, na wakati inasubiri kushika inapika oili. Hapo lazima tuweke rejeta ya kupozea oili peke yake, la sivyo tunamchemsha huyu mzee."

"Rejeta ya oili tutaweka baada ya harusi. Boga kwanza." Hata yeye alikuwa ameshaokota lile neno la boga.

Mimi nililihurumia lile giaboksi. Limetoka Japani, limezunguka mpaka vyuma vimelainika, limeangushwa kwa wauza vyuma chakavu Mbeya, na sasa badala ya kuachwa lipumzike linafungiwa boga jipya linalong'aa na kuambiwa liruke. Mimi nami nimetembea nyingi. Hakuna mtu aliyewahi kuniagizia kitu ng'ambo aniambie, bibi, kwa hiki utapanda mlima kama msichana. Angeniagizia ningemrudishia.

Fundi akaja kunywa maji kwangu. Akachutama, akashusha sauti. "Bibi, nikwambie siri? Mkwe wako hii kazi yote anaifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu vipi?"

"Anasema mwaka jana ulilikataa gari lake mbele ya watu kwa sababu uliona ni bovu. Kabla hata halijagoma, wewe ulishaona. Anasema mama ana macho. Sasa anataka ulione linavyotengenezwa mbele ya macho yako hayo hayo, uridhike nafsi yako, uingie mjini Kihesa umekaa kiti cha mbele, ndugu zake wote waone."

Nikacheka, kicheko cha tumboni, kile kinachotikisa kigoda. Mwanaume amesoma, ana ofisi, ana simu inayoagiza vyuma ng'ambo, halafu mwaka mzima anajiuliza mama mkwe ana nini na gari lake, na hawezi kuniuliza, kwa sababu ile heshima inayonizuia kupanda ndiyo hiyo hiyo inayomzuia kuuliza!

"Hata lingekuwa jipya la serikali," nikamwambia fundi, "mimi kiti cha mkwe sikalii. Gari halina kosa."

"Nimwambie?"

Tukatazama wote wawili kule ng'ambo ya pumba. Gari limenyanyuliwa, tumbo wazi, bolti zimejaa kwenye karai langu la kuogea. Mkwe, yule mtu wa suruali ya pasi, amepiga magoti kwenye vumbi, anapangusa lile boga kwa kitambaa kama mtu anavyompangusa mtoto mchanga.

"Umwambie saa hizi," nikasema, "wakati giaboksi iko chini?"

"Atalia, bibi."

"Basi mwache afunge kwanza."

Sasa kulifunga boga ndiyo kazi yenyewe. Kwanza wakalimiminia oili ndani, linywe. Kisha linavishwa kwenye shingo ya giaboksi, unalizungusha pole pole huku unalisukuma, na linatakiwa kuzama, na tena lizame, mpaka limekaa chini kabisa. Fundi alisema likizama linalia klu, na lazima usikilize. Lisipozama lote ukaling'ang'aniza kwa bolti, linaponda pampu ya oili ya giaboksi, na hapo umemaliza kila kitu kabla hujawasha.

Usikilize! Mashine ya mpunga inanguruma pale ubavuni, hata ukipigwa kofi husikii, unaona tu. Fundi anazungusha, anaweka sikio. Mkwe anazungusha, anaweka sikio la pili.

"Limezama!" mkwe anapiga kelele.

"Umesikia?"

"Nimehisi!"

"Kuhisi ni kwa kanisani, mkuu!"

"Nakwambia limezama! Harusi inatungoja!"

Fundi akaenda kumwomba mwenye mashine azime kidogo. Mwenye mashine akasema mpunga wa tajiri hauzimiwi mashine kwa ajili ya konveta. Akarudi. Wakabishana. Basi fundi, mwenye gari akishasema ndivyo, utafanyaje, akaning'iniza giaboksi kwenye cheni, wakaisogeza mpaka kwenye injini. Ikabaki nafasi ya kupita kidole. Wakachukua bolti ndefu ili waivute kwa spana.

Na hapo umeme ukakatika.

Mimi huwa nautukana umeme ukikatika. Siku hiyo naomba radhi. Mashine ikapiga kelele ya kushuka, ikanyamaza, Rujewa yote ikawa kama kanisa baada ya amina. Fundi akawa bado ameshika spana. Akaiweka chini. Akairudisha giaboksi nyuma, akaweka mkono kwenye boga, akalizungusha kidogo tu.

Klu.

Tulisikia wote. Mimi kwenye kigoda nilisikia. Hata kuku walisimama. Fundi akamtazama mkwe, kisha akatazama juu kwenye nyaya za umeme, akasema, "Ndaga fijo," ndiyo asante ya kwao.

Baada ya hapo giaboksi ikakaa kwenye injini kama kifuniko cha chungu chake, bolti zikaingia kwa vidole. Jua lilikuwa bado juu wakamaliza. Wakajaza oili, wakashusha gari, mkwe akaingia kwenye usukani, fundi akasimama pembeni.

"Pole pole, mkuu. Hii siyo kama ile ya zamani. Itanguruma, utadhani haitaki, kisha itaondoka."

Ikanguruma. Haikusogea. Mkwe, kwa mazoea ya lile giaboksi lililoungua, akakanyaga mafuta zaidi. Ikanguruma zaidi. Akakanyaga zaidi.

Wakati wa kushika ulipofika, boga lilishika. Gari liliruka kama beberu aliyechomwa mwiba, likaingia kwenye lundo la pumba upande wa kule, likatokea upande wa huku, likasimama mbele ya kigoda changu, likanizimikia miguuni. Pumba zinashuka juu yetu kama mvua ya harusi. Kioo cha mbele kikawa kinanitazama. Na nyuma ya kioo, mkwe wangu, ameshika usukani kwa mikono miwili, nyusi zimejaa pumba, mimi macho yamenitoka, na yeye yamemtoka. Tukatazamana uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu.

Nikaona ana kovu dogo kwenye kidevu. Nilikuwa sijui.

Nikajifunika khanga. Yeye akafungua mlango akatoka kinyumenyume, akageukia ukuta wa nyumba yangu, akasema na ukuta, "Samahani sana, mama."

Nikasema na khanga, "Umeumia, baba?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda."

Fundi alikuwa amekaa chini kwenye mabaki ya lundo, hawezi kusimama kwa kucheka. "Bibi, ukuta wenu umevunjika!"

"Usimamisheni tena kwa koleo," nikamwambia. Na kweli waliuzoa, wote wawili.

Kwetu mkwe akimwona mama mkwe usoni, hata kwa bahati mbaya, anatoa mbuzi wa kufuta aibu. Kesho yake asubuhi nilikuta mbuzi amefungwa kwenye mlango wangu, dume zuri, lina shingo. Tukamchinja. Kwa hiyo mwaka ule wa ugali, mimi niliula na nyama.

Mchana fundi akaja na ujumbe. "Bibi, mkwe wako anasema: mmeshaonana, mbuzi ameliwa, aibu imefutwa. Na gari umeliona lilivyo na nguvu."

"Nimeliona. Karibu linipande mimi."

"Sasa anasema kesho safari ya Iringa, je?"

"Mwambie magunia yangu yanakwenda na lori la mchele, na mimi nakwenda na magunia yangu. Siwezi kuyaacha, yana kigugumizi, hayawezi kujieleza njiani."

Nilimwona anatamani kumweleza mkwe ukweli, na anaogopa, maana mkwe alishaanza kulivalisha gari maua ya harusi, mekundu na meupe, na utepe mbele.

Tukaondoka asubuhi. Mimi mbele kwenye lori, kichwani nimejifunga kilemba kipya, kitenge cha mjukuu nimekikumbatia. Nyuma yetu mkwe na fundi na maua yao. Hapo tambarare gari lilikuwa linakimbia kweli, sisemi uongo. Lilitupita, likatungoja, likatupita tena. Dereva wa lori akasema, "Mkwe wako ana moto leo, mama." Nikasema moto ndiyo ninaouogopa.

Tulipoanza kupanda kuelekea Makambako tukalikuta. Pale pale, kama halikuwahi kuondoka pale tangu mwaka jana. Boneti liko wazi, moshi, oili imemwagika chini nyekundu kama damu ya mbuzi wangu. Maua yamelegea kwa joto. Boga lilikuwa zima. Lilikuwa linasukuma vizuri sana. Mzee ndiye aliyechemka.

Mkwe alisimama kando ya barabara ametupa mgongo. Haukuwa mgongo wa heshima ule ninaoujua. Ule mgongo ulikuwa wa mtu ambaye binti yake anaolewa kesho na yeye amekaa njiani, tena mama mkwe anatazama. Mabega yameshuka mpaka yanakaribia mifuko.

Nikamwita fundi dirishani. "Sasa kamwambie. Mwambie mama hakulikataa gari. Mwambie hata likienda kama ndege mimi silipandi, kwa sababu ni la kwake yeye, na yeye ni mkwe wangu, na sitaki mkwe mwingine. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Akaenda. Nikawatazama kwenye kioo cha ubavuni. Fundi anaongea kwa mikono. Mkwe anasikiliza. Akainama, akashika magoti, mimi nikasema, Mungu wangu, amelia. Kisha nikaona mgongo unatikisika, na sauti ikanifikia mpaka ndani ya lori. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anapiga boneti kwa kiganja. Fundi akarudi na jibu:

"Anasema, mwaka mzima! Anasema nikwambie tu hivyo, bibi: mwaka mzima!"

"Mwambie na pole."

Nikampelekea mahindi ya kuchoma kupitia kwa fundi, akala amegeukia msitu. Fundi akaingia chini ya gari, akakifungua kile chuma kirefu cha kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, alisema ukivuta gari la otomatiki hivi hivi bila kukifungua unaimalizia kabisa giaboksi. Wakafunga cheni kwenye lori.

Ndivyo tulivyoingia Iringa. Mimi mbele juu, mkwe nyuma chini ameshika usukani, katikati cheni. Nimefikiri sana kuhusu ile cheni. Haikuwa fupi, haikuwa ndefu. Ni umbali ule ule wazee wetu waliotupimia. Tulipopanda ule mlima wa Ipogolo kuingia mjini, watu wakasimama kando wanashangaa lori la mchele linavuta gari la maua, na kufika Kihesa ndugu zake Wahehe walidhani ni mtindo wetu wa Kisukuma wa kuleta bibi. Wakapiga vigelegele, wakanisalimu kwa Kihehe chao. "Kamwene! Kamwene, bibi!" Nikashuka kama mtu mkubwa. Sikusahihisha mtu.

Mjukuu alikuwa kweli amekaa chini, mapema kabisa, anafanya mazoezi. Kesho yake nikamfunika kitenge kwa mkono wangu, akatoka. Wali uliliwa mpaka watoto wakalala na mikono michafu. Hao wageni wa Iringa walikula mchele wa Rujewa ambao Rujewa yenyewe haikuuona, na wakausifu.

Siku ya kuondoka, mwanangu akaja akakaa kitandani kwangu, anazungusha bangili, namjua, ana ujumbe.

"Mama, mkwe wako anasema gari limetengenezwa. Giaboksi nyingine, na rejeta ya kupozea oili imewekwa."

"Hongera zake."

"Anasema yeye hatakuwemo. Atakuendesha kijana wa jirani."

"Vizuri."

"Na viti vyote vimevishwa vitambaa vipya, mama, hajavikalia mtu yeyote. Hata mimi hajaniruhusu nikae. Ametandika mwenyewe jana. Kile cha mbele ameweka na mto."

Nikatazama dirishani. Mkwe alikuwa amesimama uani, amevua kofia, anaangalia mlingoti wa umeme, anangoja. Gari linang'aa. Utepe wa harusi bado upo.

Nikasema kwa sauti ya kufika uani: "Gari la mkwe silipandi, hata likienda mbinguni."